Kuwachunguza polisi wa Nairobi kwa takwimu: uchague OB, utafiti wa kaya, orodha za mashirika au rejista ya mahakama?

Kikundi cha wakazi wa Kayole kinachotaka kujua kama misako ya wikendi inapunguza wizi, mwanafunzi wa uzamili anayetafuta data ya tasnifu, na mwanahabari anayeandika kuhusu vijana wanaokamatwa Eastlands, wote huanza na swali lilelile: takwimu za polisi zinapatikana wapi? Majibu yapo mengi, na wingi huo ndio unaowapotosha watu, kwa kuwa kila chanzo kinapima jambo lake na hakuna hata kimoja kinachopima uhalifu wenyewe moja kwa moja. Kabla ya namba kuingia kwenye jedwali, kuna mtu aliyeamua kuiandika: konstebo aliye kwenye kaunta ya kituo, karani wa utafiti anayebisha hodi mlangoni, mfanyakazi wa shirika la haki anayezunguka mochari, au karani wa mahakama anayepokea hati za mashtaka asubuhi. Anayechagua chanzo cha takwimu anamchagua mwandishi huyo, pamoja na sababu zake za kuandika na sababu zake za kunyamaza.

Nitalinganisha hapa vyanzo vinne pamoja na mbinu moja ya utafiti, nikimlenga mtu anayefanya kazi Nairobi bila bajeti ya wizara. Niseme mapema ninakoegemea. Kwa anayetaka kuchunguza mwenendo wa polisi, tofauti na anayetaka kuhesabu wezi, rejista ya mahakama ina thamani kubwa kuliko sifa zake, na kitabu cha OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, kina sifa kubwa kuliko thamani yake.

Kitabu cha OB na namba rasmi

Lalamiko linalofika kituoni hutakiwa kuandikwa katika kitabu cha matukio na kupewa nambari ya OB. Kutoka hapo makosa hujumlishwa kituo kwa kituo hadi makao makuu ya polisi, kisha jumla ya nchi huchapishwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) katika ripoti yake ya kila mwaka kuhusu hali ya uchumi. Faida zake ziko wazi: gharama ya ukusanyaji imekwisha kulipwa na serikali, mfululizo wa miaka ni mrefu, na makosa yamepangwa kwa aina. Makosa yaliyoripotiwa nchini yalikuwa 88,083 mwaka 2022 na 104,842 mwaka 2023, ongezeko la asilimia 19, na msomaji mwenye haraka atahitimisha kwamba uhalifu ulipanda kwa kiasi hicho.

Hebu tuzigeuze namba hizo kuwa viwango. Makosa 104,842 katika nchi yenye watu wapatao milioni 51 ni takriban makosa 200 kwa kila watu 100,000. Polisi wa Uingereza na Wales hurekodi makosa zaidi ya milioni 6 kwa mwaka kwa watu wapatao milioni 60, yaani zaidi ya 10,000 kwa kila watu 100,000. Hakuna mkazi wa mtaa wa Umoja wala wa London atakayekubali kwamba Uingereza ina uhalifu mara hamsini kuliko Kenya. Kinachotofautiana hapo ni mazoea ya kuripoti na mazoea ya kuandika, na ikiwa mazoea hayo yanaweza kuzaa tofauti ya mara hamsini baina ya nchi mbili, yanaweza pia kuzaa asilimia 19 baina ya miaka miwili ya nchi moja bila mwizi hata mmoja kuongezeka.

Jijini Nairobi watu wengi huenda kituoni kwa sababu wanahitaji karatasi. Aliyepoteza kitambulisho anahitaji abstrakti ya polisi ili atengenezewe kingine, mwenye gari lililoibwa anaihitaji kwa ajili ya bima, na aliyepigwa anahitaji fomu ya P3 ijazwe na daktari ili kesi yake isimame. Aliyenyakuliwa simu kupitia dirisha la matatu pale Muthurwa hana karatasi ya kufuatia. Hubadilisha laini, akanunua simu nyingine ya bei nafuu, yakaisha. Kwa hivyo OB inawakilisha vyema makosa yanayodai cheti, kama wizi wa magari, na inawakilisha vibaya makosa yanayowakuta watu kila siku. Wizi wa magari katika eneo moja, ukifuatwa mwaka hadi mwaka, unaweza kuaminiwa kwa kiasi fulani. Jumla ya "makosa yote" haiaminiki kwa kazi yoyote ninayoijua.

Kuna tatizo la pili, nalo ni kwamba afisa anayeandika ndiye anayepimwa kwa kilichoandikwa. Mwaka 1994 polisi wa New York walianzisha mfumo wa CompStat, ambapo makamanda waliitwa kila mara kueleza namba za maeneo yao, na baada ya muda yakaanza malalamiko kwamba makosa makubwa yanaandikwa kama madogo ili namba zipendeze. Uingereza nako, takwimu za makosa yaliyorekodiwa na polisi zilivuliwa hadhi ya takwimu za kitaifa mwezi Januari 2014, baada ya kubainika kwamba uandikaji wake haukuwa wa kutegemewa. Mkuu wa kituo cha Nairobi anayejua kwamba namba zake zitalinganishwa na za kituo jirani ana kishawishi kilekile, na mtafiti anayepanga vituo kuanzia "salama" hadi "hatari" kwa kutumia OB anawazawadia wale wasioandika.

Hata idadi ya watu unayoigawanyia makosa ina mtego. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 210,423 katika Starehe, kaunti ndogo inayobeba katikati ya jiji, lakini mchana eneo hilo hupokea umati unaotoka kila upande wa Nairobi na nje yake. Ukigawanya wizi wa mfukoni uliotokea barabara ya Tom Mboya kwa idadi ya wanaolala Starehe, utapata kiwango cha kutisha kisichomhusu mkazi yeyote. Isitoshe, mipaka ya maeneo ya polisi haifuati kila mara mipaka ya wadi na kaunti ndogo zinazotumika katika sensa, kwa hiyo huenda ukagawanya makosa ya eneo moja kwa watu wa eneo jingine.

Walioshawishika kutengeneza ramani za kutabiri uhalifu kutokana na data kama hizi wasome kwanza kilichotokea Oakland, Marekani. Watafiti Kristian Lum na William Isaac walionyesha mwaka 2016 kwamba programu ya utabiri, ikilishwa rekodi za polisi za dawa za kulevya, ingewarudisha askari katika mitaa ileile waliyozoea kuikagua, ingawa makadirio huru yalionyesha matumizi ya dawa yameenea jiji zima. Askari wakienda zaidi, wanakamata zaidi, na rekodi mpya zinauthibitisha utabiri. Sioni kwa nini Mathare ingefanyiwa tofauti.

Utafiti wa kaya

Njia ya kulikwepa kaunta la polisi ni kuwauliza watu wenyewe. Marekani ilianza utafiti wa kitaifa wa waathiriwa wa uhalifu mwaka 1973, na Uingereza na Wales mwaka 1982, na tangu mwanzo matokeo yalionyesha makosa mengi kuliko yaliyo katika vitabu vya polisi. Kenya hatuna utafiti wa aina hiyo unaofanyika kila mwaka, lakini tunayo mifano ya nguvu yake. Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 uligundua kwamba asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamepata ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Hakuna OB ya kituo chochote ambayo ingekupa namba inayokaribia hiyo.

Swali la msomaji wa Nairobi ni la gharama, na hapa hesabu kidogo inasaidia. Tuseme umehoji kaya 400 katika wadi moja, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na asilimia 10 zikasema ziliibiwa katika miezi 12 iliyopita. Uwezekano wa kukosea ni takriban alama 3 juu au chini, yaani ukweli uko pengine kati ya asilimia 7 na 13, na ukichagua kaya kwa makundi ya ploti badala ya moja moja, pengo hilo hupanuka zaidi. Hilo linavumilika. Lakini ukitaka kujua ni wangapi kati ya walioibiwa waliripoti polisi, sasa unabaki na kaya 40 tu, na pengo linakuwa alama 15 juu au chini, kiasi kwamba "nusu waliripoti" inaweza kumaanisha thuluthi moja au thuluthi mbili. Wengi hulipia sampuli ya swali la kwanza kisha huandika ripoti nzima juu ya swali la pili.

Kuna mambo ambayo utafiti wa kaya hauwezi kuyagusa kabisa. Vifo mikononi mwa polisi ni vichache mno kitakwimu kuonekana katika sampuli ya watu elfu mbili au tatu, hata viwe vingi kiasi gani kimaadili. Kumbukumbu nazo huteleza, kwani tukio la kuogofya la mwaka juzi husimuliwa kama la mwaka huu. Dawa yake ni kuuliza kwa kutumia alama za kalenda kama Krismasi au kufunguliwa kwa shule. Na pana tatizo la lango: karani wa utafiti huingia ploti za Huruma bila shida, ilhali Kileleshwa hukomeshwa na mlinzi getini, hivyo sampuli inawaegemea maskini bila mtafiti kukusudia.

Tafiti za maoni kuhusu imani kwa polisi, kama za Afrobarometer zinazohoji Wakenya wapatao 2,400 katika awamu za karibuni, zinafaa kulinganisha nchi au miaka. Hazifai kulinganisha Pangani na Kasarani, maana wahojiwa wa Nairobi ndani yake ni wachache.

Orodha za waliouawa na waliopotezwa

Kwa vifo, chanzo kinachofaa ni orodha za majina. Muungano wa Missing Voices, unaojumuisha mashirika ya haki nchini, ulirekodi watu 118 waliouawa na polisi na 10 waliopotezwa mwaka 2023, na mwaka 2024 ukarekodi 104 waliouawa na 55 waliopotezwa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR), kwa upande wake, ilisema mwishoni mwa Desemba 2024 kwamba visa vya utekaji nyara na kupotezwa vilivyoifikia tangu Juni mwaka huo vilikuwa 82. Mtu anaweza kuzitumia tofauti hizi kudai kwamba namba zimepikwa, lakini kwa mtu wa takwimu tofauti baina ya orodha mbili ni malighafi. Orodha hutofautiana kwa sababu ya maana ya neno, kipindi kinachohesabiwa, na njia ambazo habari zilifika ofisini, na yote hayo yanaweza kuchunguzwa.

Tuchukue mfano wa kubuni ili mbinu ieleweke. Shirika la kwanza lina majina 60 ya waliouawa katika kaunti fulani, la pili lina 40, na majina 20 yako katika orodha zote mbili. Kwa kuwa nusu ya majina ya shirika la pili yalikuwa tayari yameonwa na la kwanza, tunakadiria kwamba shirika la kwanza huona nusu ya vifo vyote, na kwa hiyo vifo vyote ni kama 120. Majina tuliyo nayo ni 80, hivyo vifo 40 havikuandikwa na yeyote. Mbinu hii, ikiwa na orodha nyingi na hesabu nzito zaidi, ndiyo iliyotumiwa na Tume ya Ukweli ya Peru mwaka 2003 kukadiria vifo 69,280 wakati majina yaliyokuwa yameandikwa hayakufika 24,000. Nchini Marekani, mbinu ya jamii hiyohiyo ilionyesha mwaka 2015 kwamba mpango rasmi wa kuhesabu vifo wakati wa kukamatwa ulikuwa umenasa takriban nusu tu ya watu waliouawa na polisi.

Mbinu hii ina sharti moja ambalo Nairobi ni gumu kulitimiza, yaani orodha ziwe zimekusanywa bila kutegemeana. Mashirika yetu hupigiana simu, hushirikiana mawakili, na mengine ni wanachama wa muungano mmoja, kwa hiyo majina yanayofanana huongezeka na kadirio hushuka chini ya ukweli. Jozi inayofaa ni ya vyanzo vyenye milango tofauti: majina ya kituo cha mtaani kama Mathare Social Justice Centre kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine taarifa zinazopelekwa kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA), ambayo sheria ya mwaka 2011 inawataka polisi kuiarifu kifo kinapotokea mikononi mwao. Ukipata orodha hizo mbili zenye majina, tarehe na mahali, una utafiti wa maana. Ukipata jumla mbili bila majina, huna la kufanya nazo.

Majaribio

Vyanzo vyote vilivyotangulia hueleza hali ilivyo. Anayetaka kujua kama hatua fulani ya polisi inafanya kazi anahitaji kulinganisha mahali ilipotumika na mahali isipotumika, na njia safi ya kupata ulinganisho huo ni kugawa maeneo kwa bahati nasibu. Mjini Kansas City, kuanzia mwaka 1972, maeneo 15 ya doria yaligawanywa katika makundi matatu: katika moja doria za kawaida ziliondolewa, la pili likaachwa lilivyo, na la tatu likaongezewa magari mara mbili au tatu. Uhalifu haukutofautiana kwa namna ya maana, wala wakazi hawakuiona tofauti. Baadaye, mjini Minneapolis, maeneo madogo 110 yaliyozaa simu nyingi za malalamiko yaligawanywa, nusu yakapewa doria za ziada, na safari hii malalamiko yalipungua. Kwa pamoja majaribio hayo mawili yanasema kwamba doria ya kuzungukazunguka ni upotevu wa mafuta, na doria ya mahali padogo panapojulikana ina faida. Hata hivyo, jaribio la Bogotá lililohusisha vipande 1,919 vya barabara lilionyesha dalili kwamba sehemu ya wizi ilihamia mitaa ya jirani.

Kwa Mkenya, jaribio la kusomwa kwa makini zaidi ni lile lililochapishwa mwaka 2021, lililofanyika Brazil, Kolombia, Liberia, Pakistani, Ufilipino na Uganda kuhusu polisi jamii. Matokeo hayakuonyesha kwamba imani kwa polisi iliongezeka wala kwamba uhalifu ulipungua. Mpango wetu wa polisi jamii wa Nyumba Kumi, uliopigiwa debe tangu mwaka 2013, ulienezwa bila kuacha eneo la kulinganishia, na sasa kila anayeusifu na kila anayeuponda anazungumza kwa hisia. Kamera za kifuani nazo zilijaribiwa Washington kwa maafisa 2,224 bila kuonyesha tofauti inayoonekana katika matumizi ya nguvu, jambo ambalo wanaozidai hapa kama tiba wangelitafakari kwanza.

Ugumu wa majaribio ni ruhusa. Huwezi kuwagawa askari kwa bahati nasibu bila amri kutoka juu, na amri hiyo ikitoka, matokeo hayapaswi kupimwa kwa OB, kwa sababu askari zaidi mtaani huandika makosa zaidi. Mfano mzuri wa kulikwepa hilo upo hapahapa nchini, ingawa unahusu usalama barabarani: stika za Zusha, zilizowahimiza abiria wa matatu kumkemea dereva anayeendesha vibaya, zilibandikwa kwenye magari yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na matokeo yakapimwa kwa madai ya bima. Katika utafiti wa kwanza madai hayo yalipungua kwa nusu au zaidi. Kampuni ya bima haikuwa na sababu ya kupendelea upande wowote wa jaribio.

Rejista ya mahakama

Mwaka 2013 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliamua kwamba zoezi la kusimamisha na kupekua watu lilikiuka katiba. Ushahidi mkubwa ulikuwa wa takwimu: kati ya visa milioni 4.4 vya watu kusimamishwa barabarani tangu mwaka 2004 hadi katikati ya 2012, asilimia 12 tu vilimalizikia kwa mtu kukamatwa au kupewa wito wa kufika kortini. Hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu kila askari alitakiwa kujaza fomu kila anapomsimamisha mtu. Tena, visa hivyo viliposhushwa kutoka 685,724 mwaka 2011 hadi chini ya 12,000 mwaka 2017, mauaji jijini humo hayakupanda. Yalishuka kutoka 515 hadi 292.

Nairobi, kijana akisimamishwa na kupekuliwa River Road, hakuna karatasi inayobaki. Karatasi ya kwanza inayomfuata mtu nje ya mikono ya polisi ni hati ya mashtaka. Hati hiyo ina tarehe ya kukamatwa, kama alikamatwa kwa waranti au bila waranti, tarehe aliyofikishwa kortini, kosa na kifungu chake, kituo kilichomkamata, na kama yuko rumande au kwa dhamana. Rejista inaongeza uamuzi: kesi iliondolewa na upande wa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, ilitupwa chini ya 202 kwa sababu mlalamikaji hakufika, mshtakiwa alionekana hana kesi ya kujibu chini ya 210, au hukumu ilitolewa chini ya 215. Hakuna mahali pengine ambapo mwenendo wa polisi umeandikwa kwa mpangilio kiasi hicho na mtu ambaye si polisi. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliozinduliwa na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki (NCAJ) mwaka 2017, uliotegemea rekodi za aina hii, ndio ulioanika kwamba takriban asilimia 70 ya kesi zilihusu makosa madogomadogo, na kwamba maskini ndio waliobeba mzigo wake.

Chukulia swali ambalo kila mkazi wa Eastlands analo jibu lake: je, polisi hupendelea kukamata Ijumaa? Ibara ya 49 ya Katiba inataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, muda unasogea hadi siku ya mahakama inayofuata. Anayekamatwa Ijumaa jioni analala seli hadi Jumatatu, na familia yake ina usiku tatu za kutafuta namna ya kumtoa. Chukua hati 700 za mahakama ya Makadara, ukiteua kila faili ya kumi baada ya kuanza mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu. Kama siku zote saba zingekuwa sawa, kila siku ingepata hati 100, na bahati pekee ingeweza kuisogeza namba hiyo hadi 82 au 118 hivi. Ijumaa yenye hati 130 si bahati.

Mtu makini atajibu kwamba Ijumaa watu hulewa. Ni kweli, na ndiyo sababu unayatenga makosa ya ulevi na kubaki na yasiyohusu pombe, kama kuzurura au kuuza bidhaa bila leseni, kisha unalinganisha na makosa mazito kama wizi wa mabavu, ambayo polisi hawawezi kuyachagulia siku. Halafu unaangalia sikukuu. Mashujaa ya mwaka 2023 iliangukia Ijumaa, na Jamhuri ya mwaka 2025 vilevile, hivyo wiki hizo mlango wa mahakama ulifungwa tangu Alhamisi jioni. Mrundikano wa kukamatwa kwa kuzurura ukihamia Alhamisi katika wiki za namna hiyo, zikikusanywa za miaka kadhaa ili hati zitoshe, itakuwa vigumu kueleza kwa pombe. Ibara hiyohiyo inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa linaloadhibiwa kwa faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6, na safu ya rumande katika rejista inaonyesha kama kanuni hiyo inafuatwa, tena bila kuhitaji mbinu yoyote ngumu ya takwimu.

Mahali ninapowaonya watu ni kwenye safu ya waliopatikana na hatia. Kishawishi ni kusema kwamba kituo ambacho washtakiwa wake wengi hupatikana na hatia kinakamata kwa haki. Katika makosa madogo, mshtakiwa hukiri asubuhi hiyohiyo kwa sababu faini ya shilingi elfu kadhaa ni nafuu kuliko kurudi kortini mara nne na kupoteza vibarua vya siku nne. Kukiri kwa namna hiyo hakuelezi chochote kuhusu uhalali wa kukamatwa. Kesi zilizokiriwa zihesabiwe peke yake, na ulinganisho wa vituo ufanywe kwa zilizobishaniwa, ukikumbuka kwamba wanaobishana ni wale wenye wakili au wenye uvumilivu. Pia tenganisha waliokamatwa na kanjo (askari wa kaunti) na waliokamatwa na polisi, kwa maana wachuuzi waliokamatwa na askari hao wa City Hall wataijaza rejista yako na kukufanya uwalaumu polisi kwa kazi ya kaunti.

Upatikanaji wake ni wa kusumbua lakini unawezekana. Mtafiti anahitaji kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI) na barua kwa hakimu anayesimamia mahakama husika. Taasisi ya umma inayoombwa habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Majina yabaki kortini: nakili namba ya faili, umri, jinsia, kituo na tarehe, ili usivunje Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 wala kumwanika mtu ambaye kesi yake iliondolewa.

Pengo kubwa la rejista ni wale wasiofika. Aliyetoa kitu kidogo kwenye gari la polisi, au aliyetolewa seli usiku na jamaa yake, hana hati ya mashtaka, na kwa kuwa uwezo wa kutoa pesa haulingani baina ya Eastleigh na Mukuru, rejista itaonyesha Mukuru kuna wakosaji wengi. Kwa kikundi chenye fedha za kazi moja na nusu, ningeziweka hivi: kazi nzima kwenye rejista, na nusu kwenye utafiti mfupi wa kaya 400 katika wadi zilezile zinazohudumiwa na mahakama hiyo, wenye maswali machache. Je, katika miezi 12 iliyopita kuna mtu wa nyumba hii aliyekamatwa? Alifikishwa kortini, au aliachiliwa kabla? Kama aliachiliwa, kuna pesa zilizotolewa, na zilitolewa wapi? Idadi ya waliosema walifikishwa kortini inalinganishwa na rejista ili kupima kumbukumbu za watu, na idadi ya walioachiliwa ndiyo inayokadiria sehemu ambayo rejista haiwezi kuiona.